Mtoto ana mafua kila mwezi: je, kinga imeshuka?

"Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na miezi minne, uzito kilo 12. Tangu Januari alipoanza kwenda dei kea hapa Mbagala, haupiti mwezi bila mafua. Yanaanza na kamasi nyepesi, siku ya tatu au ya nne zinakuwa nzito za kijani, halafu kikohozi kinabaki wiki mbili nzima, hasa usiku. Mara tatu nimekwenda duka la dawa nikapewa amoxicillin ya maji na dawa ya kikohozi. Akinywa kweli anapona, lakini mwezi ukigeuka tunarudi pale pale. Mama mkwe anasema ni feni na kutembea peku kwenye marumaru. Jirani anasema ni kimeo, na anamfahamu mzee anayekata. Haya ya sasa ni mara ya sita, leo siku ya sita. Anacheza, ila kula ni kwa shida. Na mimi ameshaniambukiza, nina mimba ya miezi sita. Je, kinga yake imeshuka? Kuna dawa ya kumaliza kabisa haya mafua? Na kimeo akakatwe?"

Marahaba, na pole. Kuuguza mtoto huku una mimba ya miezi sita si kazi ndogo. Nianze na majibu ya maswali yako matatu ili usiendelee kusoma roho ikiwa juu. Kwa jinsi ulivyoeleza, sioni dalili kwamba kinga ya mwanao imeshuka. Dawa ya kumaliza mafua kabisa haipo, uende duka la dawa au uende hospitali ya rufaa. Na kimeo asikatwe, hata kama huyo mzee ameshakata vya mtaa mzima.

Sasa sababu. Nianze na hesabu, maana ndiyo inayowatisha wazazi wengi. Mtu mzima hupata mafua mara mbili au tatu kwa mwaka. Mtoto wa umri wa mwanao hupata mara sita hadi nane, na anayeanza dei kea anaweza kufika mara kumi au kumi na mbili mwaka wa kwanza bila kuwa na tatizo jingine lolote. Mara sita tangu Januari inachosha, lakini iko ndani ya mpaka huo. Virusi vinavyoweza kuleta mafua vimepita 200. Kundi kubwa kuliko yote ni rainovirusi, lenye aina zaidi ya 160; wapo pia kina korona wanne wa kawaida waliokuwa wakitupa mafua miaka mingi kabla ya UVIKO-19, wapo adenovirusi, RSV na wenzao. Mwanao akipona aina moja, mwili wake unaikumbuka hiyo. Wiki mbili baadaye mwenzake wa dei kea anamletea nyingine ambayo mwili haujawahi kukutana nayo. Wingi huo wa aina ni sababu kubwa ya kutokuwepo chanjo ya mafua ya kawaida mpaka leo.

Ongeza na hili: kila mafua yanachukua wiki na zaidi, na kikohozi kinayafuata nyuma kwa wiki nyingine mbili. Mtoto akipata mapya kabla kikohozi cha zamani hakijakatika, mama anaona ugonjwa mmoja usioisha tangu Januari. Ukiandika tarehe kwenye kalenda ya ukutani, siku mafua yalipoanza na siku pua ilipokauka, utaona mapengo. Katika mapengo hayo mtoto yuko mzima, anakula, analala. Hicho ndicho ninachokiangalia mimi.

Kinga iliyoshuka kweli ina sura nyingine. Huwa ni mtoto aliyepata nimonia zaidi ya mara moja kwa mwaka, masikio yanayotoa usaha mara kwa mara, utando mweupe mdomoni usioondoka ingawa ameshavuka mwaka mmoja, majipu, kuhara kusikokoma, na uzito uliosimama au kushuka. Chukua kadi yake ya kliniki utazame mstari wa uzito. Ukipanda sambamba na mistari iliyochapwa, hiyo ni habari njema kuliko kipimo kingi utakachouziwa. Ikiwa majibu yako ya kipimo cha VVU ya kliniki ya wajawazito yalikuwa salama wakati wa mimba yake na wakati wa kunyonyesha, mlango huo nao umefungwa. Kama hukupima kipindi hicho, pimeni wote wawili. Ni bure na ni siku moja.

Tuingie puani. Kirusi kikitua kwenye utando laini wa ndani ya pua au nyuma ya koo, kinaingia kwenye seli na kuanza kuzaana, na kati ya siku moja na tatu dalili zinatokea. Wengi hudhani kirusi ndicho kinachounguza koo na kuziba pua. Rainovirusi kwa kweli hubomoa kidogo sana. Karibu kila unachokiona kwa mtoto ni kazi ya mwili wake mwenyewe: unatoa kemikali zinazotanua mishipa midogo ya damu ndani ya pua, mishipa inajaa, nyama za puani zinavimba, na majimaji yanavuja. Neva zikichokozwa anapiga chafya na koo linawasha. Ndiyo maana pua inaweza kuziba kabisa na akipenga hakitoki kitu; kilichoziba hapo ni uvimbe.

Na ile rangi ya kijani? Siku ya tatu au ya nne chembe nyeupe za damu zinakuwa zimemiminika puani kwa mamilioni. Chembe hizo zimebeba kimeng'enya chenye madini ya chuma, na kimeng'enya hicho kina rangi ya kijani. Zikifia kwenye kamasi, rangi inaonekana. Asubuhi kamasi ni za kijani zaidi kwa sababu zililala puani usiku kucha zikakauka. Kufika mchana zinapauka. Kijani inakuambia kwamba mwili uko kazini. Haikuambii kama mgeni ni kirusi au bakteria, na yeyote anayekuandikia dawa kwa kutazama rangi ya kamasi peke yake anabahatisha.

Kalenda ya mafua ya kawaida iko hivi. Siku ya kwanza koo na chafya, pengine homa ndogo kwa watoto. Siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele. Siku ya tatu hadi ya tano kamasi zinakuwa nzito na kubadilika rangi. Kati ya siku ya saba na ya kumi pua inafunguka. Kikohozi ndicho mkaidi: nusu ya watoto wenye kikohozi cha namna hii huwa wamepona siku ya kumi, na tisa kati ya kumi huwa wamepona siku ya 25. Wiki mbili unazozilalamikia ni kawaida kabisa.

Sasa pachika humo safari zako za duka la dawa. Siku mbili za kwanza unavumilia. Ya tatu hali inachacha. Ya nne kamasi ni za kijani, usiku hamkulala, unakwenda. Siku ya sita au ya saba mtoto anachangamka, na amoxicillin inachukua sifa, kumbe siku ile ile angechangamka kwa uji na maji. Ni kama jogoo anayewika alfajiri akadhani jua limetoka kwa ajili yake. Ukilielewa hili utaelewa kwa nini kila nyumba ina dawa yake ya mafua na kila mwenye dawa anaapa kwamba inafanya kazi: kitunguu saumu, sindano, vidonge vya rangi mbili, mafuta ya nyonyo, maombi ya jioni. Zote hutumiwa pale hali inapochacha, na baada ya kuchacha mafua hayana pa kwenda isipokuwa kushuka.

Amoxicillin si dawa mbaya. Ndiyo tunayoitegemea kutibu nimonia ya watoto, na hiyo ndiyo sababu ya mimi kuitetea isichezewe. Inafanya kazi kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria. Kirusi hakina ukuta huo, kwa hiyo dawa inapita bila kukigusa, na njiani inaua bakteria wema wa tumboni: mtoto anaharisha, anapata vipele au utando mdomoni. Wale bakteria wanaosalia ni wale wanaoihimili. Mwaka 2019 usugu wa bakteria kwa dawa ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani, na mzigo huo ni mzito zaidi Afrika kusini mwa Sahara. Siku mwanao akipata nimonia ya kweli, ninataka dawa hii iwe bado na meno. Na kama kuna chupa iliyobaki kwenye friji, usimpe. Unga ukishachanganywa na maji hudumu siku 7 hadi 14 tu, kutegemea aina na jinsi ulivyotunzwa.

Bakteria huja juu ya mafua mara chache, na wana namna yao ya kujitambulisha. Sikio linauma au linatoa usaha. Pua haijapata nafuu hata kidogo baada ya siku kumi. Au mtoto alishapata nafuu, kisha homa ikarudi kwa nguvu. Hapo mpeleke apimwe, na akiandikiwa antibaotiki amalize dozi kama alivyoelekezwa.

Sasa mama mkwe na feni yake. Nataka nimtendee haki, kwa sababu hakosei kote. Kati ya mwaka 1946 na 1990 Uingereza ilikuwa na kituo cha kuchunguza mafua tu, karibu na mji wa Salisbury, ambako watu walijitolea kukaa siku kadhaa na kuwekewa virusi puani. Katika majaribio ya mwanzo baadhi yao waliogeshwa maji ya moto, wakasimamishwa kwenye ujia wenye upepo wakiwa wamelowa, kisha wakavaa soksi mbichi. Hawakupata mafua kuliko wenzao waliokaa pakavu. Kuna pia kisiwa cha Tristan da Cunha, katikati ya Atlantiki ya kusini, chenye upepo na baridi na watu wachache. Huko mafua yalikuwa yakizuka meli ilipotia nanga, yakishuka na abiria. Baridi yao ilikuwapo siku zote, ila bila mtu wa kuleta kirusi hakuna aliyeugua.

Lakini mwaka 2005 watafiti wa Cardiff waliwaambia watu waweke miguu kwenye maji ya baridi sana kwa dakika 20, na siku zilizofuata waliolalamika dalili za mafua walikuwa wengi zaidi kuliko wale walioweka miguu kwenye beseni tupu. Hawakupimwa virusi, kwa hiyo ushahidi huo una tundu. Tunachojua pia ni kwamba rainovirusi huzaana vizuri zaidi kwenye nyuzijoto 33 hivi za puani kuliko 37 za ndani ya mwili, na kwamba miezi ya baridi na mvua watu hujifungia pamoja, madirisha yamefungwa, wakipumuliana. Kwa hiyo mwambie mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba baridi inaweza kumsaidia kirusi kidogo, ila haiwezi kumzaa. Marumaru hayana hatia. Feni igeuze isimpulize usoni usiku kucha, kwa kuwa inamkausha pua na kurusha vumbi, na ufute mapanga yake. Kosa ninaloliona zaidi Dar es Salaam ni la upande wa pili: mtoto ana homa, nje joto linachoma, naye kavalishwa sweta, kofia na soksi na kufunikwa blanketi. Mvue.

Tuje kwenye kimeo, na hapa sitakuwa na haraka. Kimeo ni ile nyama ndogo inayoning'inia nyuma ya kinywa, na kila mtu anacho. Kinasaidiana na kaakaa laini kuziba njia ya pua tunapomeza, ili uji usipandie puani, na kinalowanisha koo. Mtoto akiwa na mafua koo lote linavimba, na kimeo kinavimba pamoja nalo, kinaonekana kirefu na chekundu. Mkataji anamfungua mtoto mdomo, anamwita mama aangalie. Mama anaona kwa macho yake mwenyewe, na hapo ubishi umekwisha. Lakini kikohozi kinatokana na kamasi zinazoshuka nyuma ya koo mtoto akilala chali, ndiyo maana kinazidi usiku, na kinatokana na njia za hewa zilizochokozwa ambazo huchukua wiki kadhaa kutulia. Kimeo kilichovimba ni mwenzake katika kuugua. Na kwa kuwa mtoto hupelekwa kwa mkataji wiki ya pili au ya tatu, baada ya mengine yote kushindikana, kikohozi kinakatika muda ule ule ambao kingekatika chenyewe. Ni jogoo yule yule, safari hii ameshika wembe.

Wodini tunawaona ambao mambo hayakwenda vizuri. Koo lina mishipa mingi ya damu, na mtoto wa kilo 12 hana damu nyingi ya kupoteza. Tukimkuta alikuwa na upungufu wa damu tangu mwanzo, tunakimbizana na chupa ya damu. Wengine kidonda kinapata usaha na kuvimba mpaka shingoni. Kifaa kinachotumiwa kwa watoto wengi bila kuchemshwa kinaweza kupitisha pepopunda, homa ya ini na VVU. Na kuna kundi linaloniumiza zaidi: mtoto alikuwa na nimonia, siku mbili tatu za kumuokoa kwa urahisi zikaishia kwenye kutafuta mkataji na kusubiri kidonda kipone. Jirani yako anakutakia mema, usigombane naye. Mwambie tu kwamba daktari amesema kimeo kiachwe.

Basi ufanye nini usiku wa leo? Anza na pua, kwa sababu mtoto wa umri huu pua ikiziba hali wala halali vizuri. Chemsha maji, yaache yapoe, chota kikombe cha mililita 250, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga. Mlaze chali, tone mbili tatu kila tundu, subiri kidogo, kisha futa kinachotoka au kivute kwa kile kipira cha kunyonyea kamasi kinachouzwa duka la dawa. Fanya hivyo kabla ya kula na kabla ya kulala, na utengeneze maji mapya kila siku. Najua kina mama wengi humvuta mtoto kamasi kwa mdomo. Inafanya kazi, ila ndiyo njia ya mkato ya kuyahamishia mafua kwako.

Kwa kikohozi, asali ni dawa yenye ushahidi mzuri kuliko chupa nyingi za kwenye rafu: nusu kijiko hadi kijiko kimoja cha chai kabla ya kulala. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, inaweza kumletea sumu ya botulinamu inayolegeza misuli. Wako ameshavuka. Kula asimlazimishe mtu, hamu itarudi. Kinachohitajika ni vinywaji, kidogo kidogo, mara nyingi: maji, uji mwepesi, supu, juisi ya matunda ya nyumbani. Akikojoa kama kawaida yuko salama.

Akiwa na homa inayomsumbua, au maumivu, mpe paracetamol. Kwa kilo 12 ni miligramu 120 hadi 180 kwa mara moja, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Soma chupa yako kwa makini, kwani ziko zenye miligramu 120 katika mililita 5 na ziko zenye 250 katika mililita hizo hizo. Kijiko kile kile kinaweza kuwa dozi sahihi au zaidi ya mara mbili yake. Aspirini mtoto hapewi.

Dawa za maji za kikohozi na mafua, achana nazo. Kwa watoto wadogo hazijaonyesha faida, na nyingi ni mchanganyiko: kuna ya kulaza usingizi, kuna ya kukausha pua, mara nyingine kuna paracetamol tena ndani, ukajikuta unampa mara mbili bila kujua. Marekani ilishaonya mwaka 2008 zisitumike kwa walio chini ya miaka miwili, na nchi kadhaa zimepandisha umri huo mpaka miaka sita. Halafu kuna suala la usalama wa chupa yenyewe. Mwaka 2022 nchini Gambia watoto wapatao 70 walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi, na dawa za maji za kikohozi na mafua zilizokutwa na kemikali ya sumu ndizo zilizohusishwa na vifo hivyo. Sikuambii kila chupa ina sumu. Ninakuambia usiweke mtoto kwenye hatari, hata iwe ndogo, kwa ajili ya faida ambayo haipo.

Nyungu imerudi kwa kishindo tangu kipindi cha korona. Mtu mzima akipenda mvuke wake ajifukize kwa tahadhari. Unafuu upo wa muda mfupi, mafua hayafupishwi. Mtoto wa miaka miwili chini ya blanketi na sufuria la maji yanayotokota ni ajali inayosubiri kutokea, na kovu la kuungua ni la maisha. Dawa za kupaka zenye menthol anaweza kupakwa kidogo kifuani kwa kuwa ameshavuka miaka miwili, usimtie puani. Vitamini C ukianza kumpa leo haitabadilisha kitu. Anayeinywa kila siku mwaka mzima hupunguziwa muda wa mafua kidogo tu, na mapapai na machungwa yanatosha. Tangawizi na limau ni vinywaji vizuri, vinatuliza koo. Yaishie hapo.

Wewe mwenyewe, kwa mimba ya miezi sita, una paracetamol na maji ya chumvi ya puani, basi. Kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita unapohitaji, visizidi nane kwa siku. Dawa za maumivu za diclofenac na ibuprofen usiziguse: kuanzia wiki ya 20 zinaweza kupunguza maji yanayomzunguka mtoto, na baadaye kuathiri mshipa karibu na moyo wake. Vidonge vya mchanganyiko vya mafua navyo viache, vingine hupandisha presha. Ukipata homa ya kweli, usiseme ni mafua haya haya. Mjamzito mwenye homa anapimwa malaria siku hiyo hiyo, na homa ya ghafla yenye maumivu ya mwili mzima na kuishiwa pumzi inaweza kuwa homa kali ya mafua, ile inayoletwa na virusi vya influenza, ambayo kwa mjamzito si ya kusubiria nyumbani.

Kuhusu kuzuia, nitakuwa mkweli: utapunguza, hutamaliza. Huko Wisconsin, Marekani, katika utafiti uliochapishwa 1987, wanaume wenye mafua walichezeshwa karata na wazima kwa saa 12. Baadhi ya wale wazima walizuiwa mikono yao isifike usoni kabisa, lakini waliambukizwa karibu sawa na wenzao. Hewa inabeba, na mikono nayo inabeba, tafiti nyingine zimeonyesha. Kwa hiyo ukienda dei kea tazama vitu viwili: madirisha yanafunguliwa au la, na kila mtoto ana kikombe chake au wote wanachovya kwenye jagi moja. Nyumbani, tazama khanga yako. Ncha ile ile inampenga huyu, inafuta mkono wa yule, kisha inafuta kijiko. Tenga kitambaa cha pua cha kila mtu na ukifue kila siku, nawa kwa sabuni baada ya kumpenga, mfundishe kupigia chafya kwenye kiwiko. Jiko la mkaa litoke ndani. Moshi hauleti mafua, ila unageuza mafua kuwa nimonia kwa urahisi. Na hakiki kadi yake: chanjo ya nimonia na ile ya pentavalenti za wiki ya 6, 10 na 14, na surua miezi 9 na 18. Siku akiwa na homa abaki nyumbani. Kumzuia mpaka kikohozi kiishe hutaweza, wala haina maana, kwa sababu anaambukiza zaidi siku tatu za mwanzo.

Sasa jambo la kukariri kuliko yote. Kila anapokuwa na mafua, hesabu pumzi zake. Subiri alale au atulie, mfunue kifua, weka simu kwenye saa ya kuhesabu, na uhesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima, siyo nusu dakika ukazidisha. Kwa umri wake, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni za haraka mno. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi chini ya mwaka mmoja ni 50, na kwa aliye chini ya miezi miwili ni 60. Hiyo itakufaa huyo mdogo akizaliwa. Ukipata namba kubwa, tulia, rudia tena. Ikibaki juu, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Usisubiri hata kuhesabu ukiona kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu anapovuta hewa, anakoroma kwa kuvuta pumzi akiwa ametulia, midomo inageuka rangi, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Hapo ni hospitali, hata saa nane ya usiku. Homa yoyote kwa mtoto wa Mbagala inastahili kipimo cha haraka cha malaria, kamasi ziwepo zisiwepo. Kikohozi kikipita wiki mbili bila kupungua, au akipungua uzito, au nyumbani kuna mtu mwenye kifua kikuu, apimwe. Na kama chafya na kamasi za maji haziishi kwa miezi, hana homa, anajikuna pua na macho, huenda ni mzio wa vumbi, na hiyo ina tiba tofauti.

Kwa siku hii ya sita, mtoto anayecheza na kunywa, ningemhesabia pumzi leo usiku, nikamsafisha pua, nikampa asali na kumwacha alale akiwa ameinuliwa kichwa kidogo. Ikifika siku ya kumi hajapata nafuu yoyote, nenda kituoni na kadi ya kliniki na chupa za dawa zote alizokunywa mwaka huu, hata zilizo tupu, ili anayempima azione.